Sukari Haikushuka Yenyewe

Ipo hadithi ya sukari ambayo wachumi wa vijiweni na wachumi wa vyuoni huisimulia karibu kwa maneno yaleyale. Zamani, wanasema, sukari ilikuwa kitu cha wafalme. Masultani wa Cairo walifinyangiwa majumba na wanyama wa sukari siku za karamu ili wageni wabaki midomo wazi. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliila hadi meno yakawa meusi. Mjerumani mmoja aliyemwona mwaka 1598 aliyaandika meno hayo, na sababu yake akaitaja. Kisha ikaja biashara huria, ikaja mitambo, bei ikaporomoka, na leo mama wa Tandale anayemtuma mtoto kwa Mangi akalete robo anakunywa asubuhi kikombe kitamu kuliko chochote alichoonja malkia yule. Watu walitaka utamu, soko likawapa. Hapo msimulizi hukohoa kidogo, kisha hutoa somo: kila anasa ya leo ni bidhaa ya kawaida ya kesho, kwa hiyo anayelalamikia bei ya nyama au ya bando avumilie tu, zamu yake itafika.

Nina ugomvi na hadithi hii karibu katika kila hatua yake. Bei ya sukari ilishuka, sibishi. Lakini ilishushwa, na walioishusha wanajulikana kwa sheria walizotunga, kwa meli walizokodi na kwa idadi ya watu waliowazika.

Nianze na ulimi, maana ndiko wengi wanakoanzia. Binadamu hupenda utamu tangu akiwa mchanga, kwa hiyo, tunaambiwa, ilikuwa lazima sukari ienee. Basi mbona haikuenea kwingine? Wahindi walikwisha kujua kutengeneza sukari ya chembe zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mwingereza wa kawaida kuionja. Waarabu waliipanda miwa kutoka Iraq hadi Andalusia, na Misri ilikuwa na viwanda vyake. Kote huko wakulima na vibarua hawakufikia kupata sehemu kubwa ya nguvu zao za kazi kutoka kwenye sukari nyeupe. Hata Ulaya yenyewe inakataa hoja hii. Ufaransa ilimiliki Saint-Domingue, Haiti ya leo, koloni ambalo kabla ya mapinduzi ya mwaka 1791 lilitoa sukari kuliko koloni lingine lolote duniani. Sehemu kubwa ya sukari hiyo ilipakuliwa Bordeaux na Nantes, kisha ikapakiwa tena kwenda Amsterdam na Hamburg. Mfaransa wa kawaida akabaki na mkate na mvinyo wake, na sukari akaila kidogo sana kuliko jirani yake wa ng'ambo ya mlango wa bahari. Ndimi za Wafaransa zina kasoro gani?

Tofauti ilikuwa ya kisiasa. Uingereza ilijifungia soko. Sukari ya kigeni ilitozwa ushuru mzito kiasi cha kuizuia kabisa, na sukari ya visiwa vya Waingereza, ambayo kwa bei haikuweza kushindana na ya Wafaransa huko bara, ilirudi kumtafuta mlaji nyumbani. Jeshi la majini likawa linawagawia mabaharia ramu, zao la miwa, tena kwa posho ya kila siku. Mwaka 1784 serikali ya Waziri Mkuu Pitt ikakata ushuru wa majani ya chai kutoka zaidi ya asilimia 100 hadi asilimia 12.5, na kinywaji kichungu kutoka China kikaingia kwenye nyumba za vibarua kikidai kitu cha kukitia utamu. Mwenye shamba la Jamaica hakuwa amekaa akisubiri ulimi wa Mwingereza uamke. Alikuwa na watu wake bungeni.

Hoja ya pili ndiyo wanayoipenda zaidi wahandisi na vijana wa teknolojia: mitambo. Kwao bei hushuka kwa sababu mtu mwerevu mahali fulani amebuni kifaa. Tuangalie tarehe. Mwaka 1700 Mwingereza mmoja alikula, kwa wastani, kama kilo 2 za sukari kwa mwaka. Mwaka 1800 alikula kama kilo 8. Mara nne katika karne moja, na idadi ya watu nayo ilikuwa imeongezeka. Katika karne hiyo kinu cha Barbados au Jamaica kilikuwa na magogo matatu ya kusimama yaliyozungushwa na ng'ombe, upepo au maji, na juisi ilichemshwa kwenye masufuria ya shaba yaliyopangwa mstari, mtu akiichota kwa upawa kutoka sufuria moja kwenda nyingine. Mpishi wa sukari guru wa magharibi mwa Kenya akirudishwa leo kwenye banda lile angejua pa kushika. Injini ya mvuke ilikuwa bado adimu kwenye mashamba ya miwa. Kilichoongezeka katika miaka hiyo mia moja kilikuwa watu, nao waliletwa kwa meli kutoka Afrika.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hadithi ya soko hupapita mbio. Katika visiwa vya Waingereza vya Karibi walishushwa Waafrika zaidi ya milioni 2. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, waliokuwapo visiwani humo, wazawa na waliovuka bahari kwa pamoja, hawakufika laki 7. Linganisha na Marekani, ambako walishushwa Waafrika wasiofika laki 4, na sensa ya mwaka 1860 ikakuta watumwa karibu milioni 4. Utumwa wa pamba na tumbaku haukuwa na huruma, lakini watu waliishi hadi kuzaa na kulea. Shamba la miwa liliua watu kwa kasi kuliko walivyozaliwa, na mwenye shamba alipiga hesabu akaona kununua mwingine ni nafuu kuliko kumlea mtoto. Muwa ukishakatwa hauna subira. Juisi huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo msimu wa mavuno kinu hakikulala, na wanaokilisha hawakulala. Mkono wa aliyesinzia ulinaswa na magogo. Kwenye mashamba mengi shoka liliwekwa kando ya kinu ili mkono ukatwe upesi kabla mwili mzima haujavutwa. Hicho ndicho kifaa kilichoshusha bei katika karne ya 18.

Msomaji wa pwani asidhani hii ni habari ya bahari nyingine. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, waende Île de France, yaani Mauritius. Wakati huo mashamba ya huko yalilima nafaka, kahawa, viungo na miwa. Miwa ndiyo iliyokuja kumeza vyote, hasa baada ya mwaka 1825, Uingereza iliyokuwa imekiteka kisiwa ilipoilinganisha sukari ya Mauritius na ile ya Karibi katika ushuru wa London. Kalamu ya karani wa forodha iligeuza mandhari ya kisiwa kizima. Utumwa ulipokoma huko, waliletwa Wahindi wa mkataba, karibu nusu milioni ndani ya miaka 90 hivi. Na bondeni mwa mto Pangani, katika karne hiyo ya 19, mabwana wa Kiarabu walikuwa na mashamba yao ya miwa na watumwa wa kuyalima.

Je, mitambo haikuja? Ilikuja, na mwishoni mwa karne ya 19 ilishusha gharama kwelikweli. Sufuria za ombwe na mashine za kuzungusha na kutenga chembe zilileta sukari nyeupe na kavu ambayo wapishi wa sukari wa zamani wasingeiamini. Ila tazama zilipoanzia kazi. Reli ya kwanza ya himaya ya Hispania ilijengwa Cuba mwaka 1837, kabla Hispania yenyewe haijawa na reli, na ilipita kwenye nchi ya miwa. Ilirahisisha kupanua mashamba kuelekea bara, na mashamba mapya yakanunua watumwa wapya. Norbert Rillieux, aliyebuni mtambo wa kuchemsha juisi kwa mvuke unaopita chombo hadi chombo, ambao msingi wake unatumika viwandani hadi leo, alikuwa mwana wa mwanamke mweusi wa New Orleans. Mtambo wake ulifungwa miaka ya 1840 kwenye mashamba ya watumwa ya Louisiana. Yeye mwenyewe baadaye alihamia Paris, kwani mji aliozaliwa ulizidi kubana watu wa rangi yake. Anayetaka kumtaja mbunifu kama shujaa wa sukari rahisi amtaje huyu, na habari yake yote.

Sasa biashara huria, kiungo kinachotajwa kwa heshima kuliko vyote. Kwa bahati, historia imetuachia mahali pa kukipima. Mwaka 1838 watumwa wa visiwa vya Waingereza vya Karibi walipata uhuru kamili. Wengi waliyahama mashamba ya miwa, wakatafuta vipande vyao vya ardhi wakalima chakula. Uzalishaji ukaanguka, bei ya London ikapanda, na Mwingereza akapunguza vijiko. Mitambo ilikuwa ileile, mlaji yuleyule, ulimi uleule. Kilichoondoka kilikuwa mjeledi, na bei ikafuata.

Ndipo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya ushuru wa sukari ya mwaka 1846. Hatua kwa hatua sukari yote, popote ilipotoka, ilifikishwa kwenye kiwango kimoja cha ushuru. Popote maana yake Cuba na Brazil. Cuba ilikuwa na watumwa hadi mwaka 1886, Brazil hadi 1888. Kwa hiyo Mwingereza aliyejisifu kanisani kwa kukomesha utumwa aliweza kunywa sukari ya watumwa wa mtu mwingine bila kulipia adhabu ya forodha. Bei ilishuka tena. Hapo, nakubali, biashara huria ilifanya kazi yake barabara. Serikali hiyohiyo ilikuwa imewalipa wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20, watumwa wenyewe wasipate hata senti, na deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake mlipa kodi wa Uingereza wa kizazi hiki, wakiwamo wajukuu wa watu wa Jamaica walioko Birmingham, aliichangia.

Nikifika hapa, mpinzani mwerevu huniambia: lakini utumwa nao ulikuwa soko. Watu walinunuliwa, bima ilikatwa, faida ilihesabiwa. Sawa kabisa. Basi hadithi isimuliwe hivyo, na shoka la kando ya kinu liingizwe kwenye somo la uchumi pamoja na ugavi na uhitaji. Nikiona kitabu cha shule kinachofanya hivyo, nitaandika makala nyingine ya kukisifu.

Nusu ya pili ya karne ya 19 inachekesha zaidi. Chanzo chake ni cha nyuma kidogo: mwaka 1747 mkemia Marggraf wa Berlin aligundua kwamba ndani ya kiazisukari kuna sukari ileile ya muwa. Hakuna mfanyabiashara aliyeona faida ndani yake. Ni mfalme wa Prussia aliyemgharimia mwanafunzi wa Marggraf, Achard, kiwanda cha kwanza mwaka 1801, kisha ni Napoleon, aliyefungiwa bahari na manowari za Waingereza, aliyeamuru mwaka 1811 viazisukari vilimwe Ufaransa. Baadaye serikali za Ulaya zikashindana kuwalipa wenye viwanda ruzuku kwa kila shehena inayouzwa nje. Sukari ya Ujerumani na Ufaransa ikawa inauzwa London chini ya gharama yake. Mlipa kodi wa Berlin akawa anamlipia Mwingereza jamu. Walipochoka kutoana damu walikutana Brussels mwaka 1902, wakakubaliana kuziacha ruzuku hizo. Uingereza nayo ilikuwa imeufuta ushuru wa sukari kabisa mwaka 1874. Miaka hiyo ndiyo iliyomfikisha Mwingereza kwenye zaidi ya kilo 35 kwa mwaka. Mwenye macho ataona humo wafalme, maliki, forodha, hazina na mkutano wa mabalozi. Soko lililojiendesha lenyewe silioni.

Na kwa nini matajiri wa Uingereza walitaka vibarua wale sukari? Sidney Mintz, mwanaanthropolojia aliyeishi na wakata miwa wa Puerto Rico, alilijibu hilo mwaka 1985 katika Sweetness and Power: chai yenye sukari na mkate wenye jamu vilikuwa chakula kisichohitaji jiko wala muda, kikamrudisha mfanyakazi kiwandani haraka, kikashibisha bila mwajiri kuongeza mshahara. Mintz anatajwa sana siku hizi, hata na wale wanaosimulia hadithi ya soko. Nashangaa kama walifika kurasa za kati.

Tuje kwetu leo. Wakishindwa kwenye historia, wenye hadithi hukimbilia sasa: yaliyopita yamepita, sukari ni rahisi, maskini ananufaika. Rahisi kwa nani? Anayenunua mfuko wa kilo 25 analipa bei moja, anayenunua kilo analipa nyingine, na anayenunua ya shilingi mia tano iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni ndiye, kwa kilo, anayelipa kuliko wote. Na mkulima je? Mumias ilianza kusaga miwa mwaka 1973, ikawa kampuni kubwa kuliko zote za sukari nchini Kenya, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu kwa madeni. Miongoni mwa waliokuwa wakiidai walikuwamo wakulima waliopeleka miwa wakasubiri malipo. Aliyekunywa chai tamu Nairobi miaka hiyo alikopeshwa na mtu wa Kakamega, bila hiari ya mtu huyo.

Halafu kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Wale wanaolisifu soko kwa kumletea maskini sukari ndio haohao, kwenye semina za afya, wanaomlaumu maskini kwa kuila. Ghafla ulimi wake umekuwa mroho, hana nidhamu, hajaelimishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula, kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina kama gramu 35. Dereva wa bodaboda anayeshindia soda na mandazi hadi saa kumi hajachagua anasa. Amechagua kitu cha haraka kinachompa nguvu kwa pesa aliyonayo, sawasawa na kibarua wa Manchester aliyekula mkate wenye jamu. Sifa ziende sokoni na lawama ziende mdomoni mwa mlaji: mgawanyo huo nani aliuamua?

Hadithi hii ina udhaifu mwingine ambao Mtanzania mwenye umri wa kutosha hahitaji kufunzwa. Inadai safari ni ya upande mmoja, kutoka anasa kwenda kawaida. Afrika Mashariki ilijengewa viwanda tangu ukoloni: Miwani karibu na Kisumu miaka ya 1920, Lugazi ya Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, Kakira ya Muljibhai Madhvani mwaka 1930, TPC Moshi miaka ya 1930. Chai ya sukari ikawa heshima ya mgeni, kisha ikawa kifungua kinywa cha kila siku. Lakini vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978 kiwanda cha sukari cha huko kiliharibiwa, fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ikarudi kuwa anasa. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa, RTC, waligawiwa kilo kwa kaya, na aliyekuwa na ndugu ghalani alikuwa na heshima kuliko mwalimu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi, sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofichuliwa kwenye stoo. Hata leo mtu anayekwenda kuwasalimia wakwe au kuhani msiba hubeba kilo mbili za sukari, wala hakuna anayemwona bahili.

Haya hayakuishia kwa wazee wetu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zililowesha mashamba ya miwa, matrekta yakashindwa kuingia, viwanda vikasimama. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Madukani kilo ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki inailinda sukari kwa ushuru wa asilimia 100, kwa hiyo inayoingia kwa nafuu huingia kwa kibali. Nani apewe kibali, kwa tani ngapi, na lini, likawa swali kubwa bungeni kuliko bei yenyewe. Mbunge wa Kisesa wakati huo, Luhaga Mpina, alimshutumu aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, juu ya vibali hivyo, na Juni akasimamishwa kuhudhuria vikao 15. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao watu waliuzoea kwa mahindi, uweze kununua na kutunza sukari.

Unaweza kuwa upande wa waziri, wa mbunge, wa wenye viwanda au wa waagizaji. Wote wana hoja, na sitaamua kesi yao hapa. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyesimama kusema tukae tu, sukari itashuka yenyewe kwa kuwa ndiyo desturi ya anasa. Waliokuwa na mkono kwenye bei walijua kwamba ni mkono, wakaupigania. Wanaoendelea kutusimulia habari za malkia na meno yake meusi waulizwe ghala la NFRA ni la nini.